Kuku wa Muhuri

Awindiri, Arua
2 Juni

Mwanangu Hajara,

Barua yako Hamdani aliniletea jana, imelowa maji ya nyanya. Simlaumu, gari lake ni la nyanya na sisi ndio tumeligeuza posta. Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini, nikaenda kunawa mikono. Si kwa sababu ya nyanya.

"Siasa inanuka, mama mdogo, mimi sitaki kuinusa." Ndivyo ulivyoandika. Binti wa dada yangu, miaka ishirini na minne, umemaliza sekondari! Sasa nikuulize: choo kikinuka, dawa yake ni kuziba pua? Ziba. Uvundo utakusubiri, halafu siku moja utaukuta kwenye sufuria yako.

Na usidhani mimi sioni kinyaa. Unajua tangu nistaafu ualimu nakwenda kila Jumamosi kuwafundisha vijana uraia. Juzi nilikuwa Manibe, kwenye ukumbi wa kanisa. Walikuja arobaini. Nikauliza nani anamjua mwenyekiti wa kijiji chake, ikanyooshwa mikono mitatu. Nikauliza wachezaji wa mpira wa Ulaya, wakanitajia mpaka wale wa benchi. Nilipofika kwenye haki ya raia kijana mmoja akanyoosha kidole, moyo wangu ukafurahi, nikasema uliza mwanangu. Akasema, "Mwalimu, soda iko?" Nikajibu soda hakuna. Kabla sijafuta ubao walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Nilitamani kutapika.

Tarehe kumi na sita ni uchaguzi wa vijiji, kwenu Lurujo na kwetu siku moja. Hakuna karatasi wala sanduku. Mgombea anasimama uwanjani na anayemtaka anakwenda kujipanga nyuma yake, mchana kweupe, kila mtu akiona. Gombea, Hajara. Umenilalamikia yule mwenyekiti wenu Dumo miaka mingi, sasa simama mbele yake.

Mimi nami nina wangu. Okuonzi ameuza njia ya kwenda chemchemi kwa tajiri wa bohari, na sasa tunazunguka mpaka barabara kuu na madumu kichwani, na magoti yangu haya unayajua. Ndiyo, ni mkwe wangu, mwanawe kamwoa binti yangu Annet. Lakini siku hiyo nitasimama nyuma ya Alionzi fundi baiskeli, hata tukiwa wawili tu uwanja mzima.

Usinipigie simu kunijibu, simu huwa unaikata ukizidiwa. Andika. Tena kwa Kiswahili hikihiki, maana mama yako alikufa kabla hajakufundisha Kilugbara, na Kikakwa chenu mimi nakijua cha kuomba maji ya kunywa tu.

Mama yako mdogo,
Driwaru


Lurujo, Koboko
5 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Umenitukana nikiwa sina hata chai tumboni.

Ngoja nikuambie kilichotokea Jumatano, ndipo ujue kinyaa changu kimetoka wapi. Nilikwenda kwa Dumo kuomba barua ya mwenyekiti ili nikachukue kitambulisho. Unajua kwetu hapa muhuri wa Dumo haupigwi bila kuku. Kila mtu anajua, hata mtoto. Ukifika uwanjani kwake unakuta kuku wa watu wanazurura, ukiwa na macho unamtambua mmoja mmoja: huyu wa mama Peace, huyu mwekundu wa mzee Lukudu. Mimi nilikwenda na kuku wa bibi, yule mweupe aliyekuwa anataga. Dumo akamshika, akampima uzito kwa mkono, akasema, "Huyu iko mzuri." Akaita mkewe. Mama mdogo, wino wa barua yangu haujakauka nikasikia maji ya kunyonyolea yanamwagwa. Akanikaribisha nile! Nilitoka pale mate yamenijaa mdomoni, nikatema njia nzima.

Kwa hiyo nimejiandikisha. Jina langu liko kwa karani. Usishangilie bado.

Nilikwenda steji ya boda kuongea na vijana, maana wao ndio wengi. Sunday ndiye mkubwa wao. Amelala juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani, hata hakuinuka. Akaniambia, "Hajara, wewe nataka nini na hii maneno? Siasa iko mavi ya kuku. Mutu akikanyaga, ananuka mpaka nyumbani." Wenzake wakacheka. Wote hao wamepeleka kuku kwa Dumo. Wote! Nikawauliza hawachoki? Mmoja akasema atachoka baada ya kuoa.

Bibi Fatumah naye kakasirika. Binti wa Dumo ameolewa na mwanawe, baba mdogo Hamisi, kwa hiyo Dumo ni mkwe, na bibi anasema hajawahi kumtazama mkwe usoni, seuze kumpinga mbele ya watu. "Unataka nivue nguo uwanjani?" Ndivyo alivyoniuliza. Sasa nalala nyumba moja na kura nisiyoweza kuipata.

Mwanao,
Hajara


Awindiri, Arua
8 Juni

Mwanangu mgombea,

Lo! Nimeisoma barua yako kwa sauti, jirani akafikiri nina wageni. Kuku aliyekuwa anataga! Na akakukaribisha ule! Kuna watu Mungu aliwasahau kwenye mgao wa aibu.

Sikiliza sasa. Usigawe sabuni. Usigawe chumvi. Ukigawa hata kiberiti umekuwa Dumo mwenye sketi. Nenda nyumba kwa nyumba, sema neno moja tu: muhuri ni wa kijiji, utapigwa bure. Maneno mengi waachie wao.

Bibi yako usimlazimishe, lakini mwambie hivi kutoka kwangu: mkwe anaheshimiwa nyumbani kwake. Uwanjani kuna raia tu. Mimi pia nina mkwe, na sitatetemeka.

Okuonzi ameanza kupitisha sukari. Robo kilo kila nyumba, kwenye karatasi za gazeti. Yangu nimewamwagia siafu.

Driwaru


Lurujo, Koboko
17 Juni

Mama mdogo,

Nimeoga mara mbili na bado najiona mchafu.

Tulikusanyika uwanja wa shule saa nne. Wagombea tulikuwa wawili, mimi na Dumo. Karani wa uchaguzi akapiga filimbi, watu wajipange. Mama mdogo, nilisimama pale nikiangalia mbele kama nilivyoambiwa, nasikia nyayo nyuma yangu, najiambia wanakuja. Nilipogeuka walikuwa tisa. Mama Peace, wajane watatu, mzee Lukudu anayemdai Dumo kuku wake mwekundu, na wengine wanne. Mstari wa Dumo ulifika kwenye choo cha shule. Bibi hakutoka nyumbani.

Vijana wa steji walikuja, ndiyo. Waliegesha pikipiki pembeni wakakaa juu yake kama watu walio kwenye mpira. Hawakusimama kwangu wala kwa Dumo. Sunday alikuwa anatafuna muwa, anatema makapi. Nilipomwangalia akainua bega. Yule ninamchukia kuliko Dumo. Dumo angalau anajua anachotaka.

Halafu hesabu. Karani anahesabu kwa kugusa bega, moja, mbili, tatu. Mimi nikaona waliokwisha guswa wanachomoka mbele, wanapita nyuma ya choo, wanajipanga tena mkiani! Mzee mmoja mwenye kofia nyekundu aliguswa mara tatu. Wanawake wazima wanakimbia wameshika sketi, wanacheka kama watoto. Nikapiga kelele. Nikamshika yule mzee kofia, nikasema huyu ni wa kumi na nne, na wa thelathini na mbili, na wa hamsini na tisa. Ikawa vurugu, mvua nayo ikaanguka, na karani akaogopa akaandika kwamba uchaguzi wa kijiji chetu umevunjika, urudiwe tarehe thelathini.

Wananiita mharibifu. Dumo amepita kwetu jioni, kamsalimu bibi vizuri sana kupitia mlango uliofungwa.

Wewe huko je? Alionzi wako amepata? Niambie kitu kizuri, nakihitaji.

Hajara


Awindiri, Arua
19 Juni

Mwanangu,

Usivunjike moyo. Kukimbia nyuma ya choo! Watu wenye wajukuu! Siku ya marudio mwombe karani aamuru kila anayehesabiwa akae chini palepale alipo. Aliyekaa chini hawezi kukimbia. Mwandikie kabisa, nakala mpelekee wa wilaya. Na wale tisa wako wape asante nyumba kwa nyumba.

Huku kwetu mambo yalikwenda salama. Okuonzi amerudi kitini. Mvua ilinyesha kidogo. Mahindi yamestawi.

Driwaru


Lurujo, Koboko
21 Juni

Mwalimu Driwaru,

Mahindi yamestawi. Nimefurahi kusikia.

Hamdani ametua leo na makreti yake. Nikamuuliza habari za Awindiri, tena kwa mzaha tu, nikasema mama yangu mdogo alisimama na nani, walikuwa wawili kweli? Hamdani hajui kusema uongo, ana kichwa cha nyanya. Akaniambia, "Mwalimu nilimwona. Iko nyuma ya Okuonzi. Mtu wa pili kutoka mbele."

Wa pili, mama mdogo! Hata mkiani hukwenda ukajificha!

Nilikaa chini kwenye kreti. Kumbe nyani haoni kundule. Sukari uliwamwagia siafu, au ulikunywa chai ukiniandikia? Nilipiga kelele uwanjani kwa maneno yako, mdomo huu ulikuwa wako. Nimegombana na bibi yangu aliyenilea, mwanamke mwenye akili kuliko sisi wote wawili, nikamwambia uwanjani kuna raia tu. Yeye aliona haya akabaki nyumbani. Wewe uliona haya ukatoka ukasimama wa pili.

Dumo anakula kuku, hajawahi kunifundisha uraia. Wewe ndiye umenitia kichefuchefu.

Kesho kutwa nakwenda kwa karani kufuta jina langu. Sunday alisema kweli, nimekanyaga, nanuka, na sasa naona nilitoka nayo nyumbani.

Hajara binti Hadijah. Jina la dada yako, kama bado unalikumbuka.


Awindiri, Arua
23 Juni

Hajara,

Hamdani nimemlipa aondoke na barua hii peke yake, bila kusubiri mzigo. Naomba ikukute kabla ya karani.

Ni kweli. Wa pili kutoka mbele.

Nilitoka nyumbani nikiwa na moyo wangu mzima, nimevaa hata viatu. Uwanjani Alionzi alikuwa amesimama, nyuma yake watu kama ishirini. Nikaanza kwenda kwake. Okuonzi akanitazama. Hakuniita wala hakunitisha. Alivua kofia, akainama kidogo, kama anavyofanya siku zote akija kumwona Annet. Miguu yangu ikageuka. Nakuambia ukweli, sikuiamuru. Mke wake akanisogezea nafasi akasema karibu mama, na mimi nikasema asante! Nimesimama pale nikiona kisogo cha mtu aliyeuza njia yangu. Alionzi alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Yule hutengeneza baiskeli za wajukuu zangu bure.

Sukari sikunywa, siafu walikula. Hilo tu ndilo lililobaki la kujivunia na halinisaidii kitu. Nikafika nyumbani nikatapika kweli, nyuma ya jiko. Halafu nikakuandikia habari za mahindi. Miaka thelathini nimefundisha watoto wasiwe waoga, na nilikuwa nafundisha nisichokijua.

Sitakuambia nisamehe. Nakuambia usifute jina. Na nakuomba hivi: barua hii isome pale steji, mbele ya Sunday na wenzake. Taja jina langu, taja Awindiri, taja mtu wa pili kutoka mbele. Wasomee na ya kutapika. Wacheke wanavyotaka. Nikicheza mwalimu nimeshindwa kuwafundisha, labda nitawafaa hivi.

Driwaru


Lurujo, Koboko
1 Julai

Mama mdogo,

Kwa karani nilikwenda, ofisi ilikuwa imefungwa. Hamdani akanikuta palepale mlangoni. Kama yule karani asingekuwa amekwenda mazishini, ungekuwa unasoma barua nyingine.

Siku mbili barua yako ilikaa chini ya godoro. Niliona kinyaa kuigusa. Siku ya tatu nikaipeleka steji, kwa hasira, nataka wakucheke.

Na walicheka. Wa pili kutoka mbele! Walipiga matenki ya pikipiki. Nilipofika kwenye kofia ya Okuonzi kicheko kikapungua. Nilipomaliza nikaikunja barua. Kisha Sunday akashusha miguu kutoka kwenye usukani, mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Mke ya Dumo iko shangazi yangu. Mimi nasema siasa iko mavi. Kweli yenyewe, mimi naogopa macho yake tu." Mwingine akasema Dumo ndiye aliyemwombea mke. Mwingine, Dumo kamzika baba yake. Kumbe kila mmoja pale ana kofia yake inayovuliwa, na muda wote huo walikuwa wanajifanya wamechoka.

Nyumbani nikamsomea na bibi. Alisikiliza, akauliza kama umepona tumbo. Basi.

Jana uwanja wa shule. Filimbi ikapigwa. Nikasimama naangalia mbele, sikutaka kugeuka, nimejifunza. Nikasikia watu wananong'ona. Nikageuka. Bibi Fatumah anakuja, amejifunika leso uso wote, haoni, mama Peace amemshika mkono. Amepita mbele ya Dumo, akainama kumsalimu humohumo ndani ya leso, "Mkwe wangu, nakuheshimu, sikutazami." Kisha akaja akasimama nyuma yangu. Nikasikia pumzi yake shingoni. Mama mdogo, nililia, sioni aibu kukuambia.

Baada yake wanawake wakaanza. Wenye wakwe, wenye mashemeji, kila mmoja na leso usoni, wanashikana mabega wasijikwae. Halafu steji. Walikuja kumi na wanane, Sunday mbele, wote wamevaa helmeti na vioo wameshusha! Jua la saa tano! Karani akasema vueni nione sura. Sunday akajibu humo ndani, "Wewe hesabu vichwa. Sura ya nini?" Hata watu wa Dumo walicheka.

Karani alikuwa ameisoma barua niliyomwandikia kama ulivyoniagiza, kila aliyeguswa akakaa chini. Yule wa kofia nyekundu aliinuka mara moja, helmeti kumi na nane zikamgeukia, akakaa.

Dumo sitini na nne. Mimi sabini na moja.

Muhuri Dumo amenikabidhi leo asubuhi ndani ya mfuko wa plastiki. Kidau cha wino kimegandamana na manyoya ya kuku. Nimekiosha kwa sabuni na majivu na bado kinanuka.

Wewe bado sijakusamehe. Ila nakusalimu.

Hajara


Awindiri, Arua
3 Julai

Mwanangu mwenyekiti,

Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni. Leso usoni! Mwambie Fatumah kwamba mimi niliyesomea ualimu sikuwaza jambo hilo.

Jana Okuonzi aliitisha mkutano wa shukrani. Nikajitanda kitambaa usoni mpaka kidevuni, nikasimama, nikasema, "Mkwe wangu, nakuheshimu, sikutazami. Njia ya chemchemi iko wapi?" Nikasikia Alionzi nyuma anasema, "Ndiyo, iko wapi?" Kisha na wengine. Okuonzi amesema atalitazama. Nitajifunika tena wiki ijayo, na ijayo.

Nimemtuma Hamdani na kuku, jike, mweupe kama yule wa bibi yako. Hatuendi kupongeza mtu mikono mitupu.

Mama yako mdogo,
Driwaru


Lurujo, Koboko
6 Julai

Mama mdogo,

Kuku wako amefika salama, na ameniponza.

Hamdani alimshusha pale steji, miguu imefungwa, mbele ya watu, akatangaza, "Ya mwenyekiti!" Sunday akashuka kwenye pikipiki. Akaja mpaka mlangoni kwangu na kuku mkononi, wenzake saba nyuma yake, na safari hii hawakuvaa helmeti. "Mwenyekiti, hii kuku iko ya nani? Nani ameleta? Ya barua gani?"

Masikio yaliniwaka moto. Watu waliompelekea Dumo kuku miaka yote bila kuuliza! Nikawaambia kwa ukali kwamba ametoka kwa mama yangu mdogo, ni wa pongezi, waende zao. Sunday hakuondoka. Akasema taratibu, "Hata Dumo alikuwa na mama mdogo."

Nilichukia, mama mdogo. Nilichukia sana, nikaingia ndani nikapiga mlango. Nikakaa kitandani nikaona nimekaa kama Dumo. Nikatoka.

Hamdani anamrudisha. Amekunywa maji, amekula mtama, kamba nimeilegeza isimuumize. Mfuge mpaka Jumamosi, kisha mchinje, nitakuja kumla kwako Awindiri, muhuri nikiuacha kwa bibi chini ya mto. Nitakuja na pikipiki ya Sunday. Nimemwambia anisubiri nje, amekataa. Anasema ataingia mpaka jikoni kwako, aone kuku ni yuleyule.

Mwanao,
Hajara